Kukimbiza gari Autobahn: kabla hujakanyaga mafuta

Mkuu, umeuliza kama ukikodi gari Ujerumani unaweza kwenda kilomita 200 kwa saa kwenye Autobahn (barabara zao kuu za mwendo kasi) ukafurahia bila kuhatarisha watu. Unaweza, ila kasi yenyewe siyo shida kubwa. Shida ni tofauti ya kasi yako na ya aliye mbele.

Ukiwa 200, gari linakula mita 56 kila sekunde. Mwenye 110 akichomoka nyuma ya lori mita 100 mbele yako, mnakaribiana mita 25 kwa sekunde: una sekunde nne tu. Kusimama kabisa kwa breki ya dharura kunataka kama mita 250, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka. Kwa hiyo ukiona gari limebanwa nyuma ya lori njia ya kulia, hesabu kwamba litatoka. Achia mafuta mapema.

Kibao cheupe cha duara chenye mistari ya mshazari ndicho kinachofuta ukomo wa kasi. Baada ya hapo 130 ni mwendo wa kushauriwa, lakini ajali ikitokea ukiwa juu yake unaweza kubebeshwa sehemu ya fidia hata kama aliyekosa ni mwenzako. Nenda Jumapili asubuhi: malori ya zaidi ya tani 7.5 yamezuiwa mpaka saa nne usiku.

Tairi ndizo za kukagua kwanza. Herufi ya mwisho kwenye saizi, mfano 205/55 R16 91V, ndiyo ukomo wake: T ni 190, H 210, V 240. Jaza upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa mlangoni au kwenye mfuniko wa tangi. Tairi yenye upepo pungufu inakunjika kila mzunguko, inachemka, mwisho inapasuka. Mvua ikinyesha, sahau 200. Tairi zinaelea juu ya maji.

Sisi wa Tanzania na Kenya tunaoendesha kushoto tuwe makini: kule unaovateki kushoto tu, kisha unarudi kulia mara moja. Tazama kioo cha kushoto mara mbili kabla ya kutoka, maana gari la 250 huonekana kama nukta.

Ukitoka barabara kuu, soma spidi kwenye dashibodi. Macho yaliyozoea 200 huona 80 kama mwendo wa baiskeli, na kona ya kutokea huwa kali.