Vidole vyeupe asubuhi, nyayo kuwaka usiku: vinahusiana?

Mkuu, umeuliza kama vidole kuwa vyeupe kwenye baridi vinaweza kuhusiana na nyayo kuwaka moto usiku, ilhali kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu kimetoka safi. Kwangu vilihusiana. Hilo neno "safi" lilinipotezea karibu miaka miwili, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu.

Nafundisha shule ya msingi hapa Njombe, na baridi ya Juni na Julai ya huku mnaisikia. Wa kwanza kuona alikuwa mtoto wa darasa la tatu: "Mwalimu, una chaki kidoleni." Nikafuta kwenye kanga, haikutoka. Kidole cha kati kilikuwa kimepauka kama kimepakwa majivu, na pale weupe ulipoishia ungedhani mtu kapiga mstari kwa rula. Sisi wenye ngozi nyeusi tazameni upande wa kiganja na chini ya kucha, maana upande wa juu unadanganya. Baadaye kikawa cha kibuluu, na damu iliporudi kikawa chekundu, kinapwita hasa. Ndio huo ugonjwa wa Raynaud, jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1862.

Nyayo zilifuata. Mchana nazisahau, nikipanda kitandani ni kama nimekanyaga pilipili, na shuka likigusa vidole utadhani lina upupu. Miguu inadai maji baridi, mikono inayakimbia! Mume wangu akawa hajui alete beseni au blanketi.

Kipimo cha umeme hupima nyuzi nene za mishipa ya fahamu. Nyuzi nyembamba, zile zinazobeba maumivu na kutambua joto na baridi, hakizifikii. Na nyuzi hizohizo nyembamba ndizo zinazosimamia jasho na kubana au kulegeza vijishipa vya damu kwenye ngozi. Zikiharibika, kijishipa kilichobanwa na baridi kinaweza kukosa wa kukiambia legea. Mwaka 1990 watafiti wa London walionyesha kwamba ngozi ya vidole vya wagonjwa wa Raynaud ilikuwa na upungufu wa nyuzi zenye CGRP, kemikali inayotanua mishipa ya damu. Haina maana kila mwenye Raynaud ana neva mbovu. Wengi hawana, hasa wale iliowaanza wangali vijana na vipimo vingine havina tatizo. Mara nyingine kuna ugonjwa wa tatu unaoshambulia kotekote, na mimi niliangukia hapo.

Daktari wa tatu hakuwa na mashine yoyote. Alichukua kijiti cha meno na kipande cha chuma baridi, akanigusa kuanzia vidole vya miguu kupanda juu, macho nimefumba. Hadi juu ya kifundo sikujua baridi ni ipi. Kisha akauliza: "Ugali unashuka bila maji?" Nikacheka, mwaka mzima nilikuwa nakula na kikombe pembeni nikidhani ni mazoea tu. Akaagiza sukari, vitamini B12, tezi ya shingo, VVU na kipimo cha ANA, kile cha damu kinachotafuta kingamwili zinazougeukia mwili wenyewe. Hicho cha mwisho kikawa chanya, na baada ya vipimo vingine jibu likawa ugonjwa wa Sjögren, kinga ya mwili kushambulia tezi za mate na machozi. Kipo pia kipimo cha kutoa kipande cha ngozi cha milimita 3 juu ya kifundo na kuhesabu nyuzi, ila mimi sikufanyiwa.

Natumia nifedipini kwa vidole na gabapentini kwa nyayo. Amitriptilini alitaka kunipa akaghairi, hukausha mdomo. Propranolo niliyokuwa nameza kwa kipandauso alinibadilishia, kwa sababu inaweza kuzidisha kubana kwa mishipa ya vidole. Madaktari wawili wa mwanzo hawakuniuliza natumia dawa gani.

Wewe umesema una miaka 41, imekuanza mwaka jana, na ncha ya kidole kimoja ina kidonda kisichopona. Hicho usikisubirishe, nenda wiki hii, na ubebe dawa zako zote kwenye mfuko. Halafu hukusema: mdomo na macho vikoje?