Mtoto Hapakatwi Safarini: Majibu ya Maswali Yenu ya Desemba

Shule zikikaribia kufungwa, ujumbe wa safari unajaa. Mwingi umetoka kwa wazazi wa Arusha na Moshi wanaoshuka Dar na Tanga, au wanaoelekea Dodoma na Kanda ya Ziwa wakiwa na watoto wadogo. Nimechagua unaogusa usalama wa mtoto moja kwa moja. Wanaouliza bei ya Noah wasubiri zamu yao.

Swali: Habari za kazi. Tunashuka Dar na watoto wawili, wa miaka minne na sita. Nataka tuondoke saa nane usiku ili walale njia nzima, saa nne asubuhi tuwe Kimara. Unaonaje? (Baba wa wawili, Njiro)

Jibu: Naona vibaya, kaka, na kila Desemba naulizwa hili hili. Watoto watalala, sawa. Wewe je? Umetoka kazini jioni, umepakia gari, umehangaika na begi lisiloingia kwenye buti, saa tano ndiyo unajilaza. Saa nane umeshika usukani. Kuanzia hapo mpaka alfajiri ndipo mwili wa binadamu unapodai usingizi kuliko saa nyingine yoyote, na mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anachelewa kukanyaga breki kama aliyekunywa pombe. Saa kumi za usiku zitakukuta maeneo ya Mwanga na Same: barabara imenyooka, giza tupu, hakuna cha kukushtua. Mbele yako kuna lori bovu limeegeshwa bila taa, matawi mawili ya mti yamewekwa nyuma yake badala ya pembetatu. Unaliona likiwa mita thelathini.

Hesabu yako nayo haikai sawa. Kutoka Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Ukizimaliza kwa saa nane, umekwenda wastani wa zaidi ya kilomita 75 kwa saa, pamoja na vijiji vyote vya mwendo wa 50 kuanzia Tengeru hadi Kibaha, pamoja na kujaza mafuta. Maana yake ni kwamba kati ya kijiji na kijiji utakuwa unakimbia 120 gizani, na watoto wako nyuma.

Ondoka saa kumi na mbili kunapopambazuka, mkiwa mmekunywa uji. Kula chakula cha mchana Mombo au Korogwe. Kisha, na hili ndilo ambalo akina baba wengi hawataki kulisikia, lala njiani. Korogwe ni kama nusu ya njia na nyumba za wageni zipo. Pesa ya chumba kimoja ni ndogo kuliko bampa. Kesho yake mnaamka, mnafika Dar mchana, watoto wakiwa na uso wa kusalimia watu.

Jambo jingine hukuliuliza: kati ya tarehe 20 na 24 Desemba, Wachaga wanapanda. Wewe unashuka, wao wanakuja uso kwa uso nawe, gari nyuma ya gari, kila mmoja anataka kumpita mwenzake afike Rombo au Marangu kabla ya giza. Kama likizo yako inaruhusu, shuka tarehe 17 au 18. Kama hairuhusu, kaa upande wako, acha nafasi, na usijibishane na taa za mtu.

Swali: Mwanangu ana miezi tisa, kilo tisa. Kiti cha gari ni ghali. Nikikaa siti ya nyuma nikampakata vizuri, kuna shida? (Mama, Sakina)

Jibu: Ipo, dada, na ni kubwa. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa 50 tu, ule wa kibao cha kijijini, mwili wa mtoto unavutwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara ishirini ya uzito wake. Kwa mwanao ni kama kuzuia karibu gunia mbili za mahindi kwa mikono mitupu, bila kuambiwa mapema. Hakuna mama anayeweza, hata awe na mapenzi kiasi gani. Na mkijifunga mkanda mmoja wawili, mwili wako ndio utakaomponda.

Kiti kipya ni ghali kweli. Cha mtumba kinafaa ukikichunguza. Tafuta lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara. Soma mwaka uliochapwa kwenye plastiki. Pitisha vidole chini na nyuma kutafuta ufa. Vuta mikanda, ikunjue yote uone kama imechanika. Muuzaji asiyejua kiti kilitoka kwenye gari gani, achana naye, maana kiti kilichopata ajali hakitumiki tena hata kama kinang'aa.

Kwa umri wa mwanao kiti kinatazama nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo bado laini, kwa hiyo anahitaji mgongo wote umkinge. Kiti hicho kisiwekwe mbele penye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajalini, kamwe. Ikifumuka itakipiga kiti na mtoto akiwa ndani. Mtoe mtoto kila baada ya saa mbili anyooke, anyonye, abadilishwe pampasi. Gari likiwa linatembea hanyonyeshwi; mwambie baba asimame.

Na wale wenye watoto wakubwa kidogo wasijione wamepona. Mkanda wa mtu mzima unampita mtoto wa miaka mitano shingoni na tumboni. Anahitaji kiti cha kumwinua hadi mkanda ukae begani na chini kwenye nyonga, na hilo linaendelea mpaka afikie urefu wa sentimita 135 hivi. Kabla ya yote, vua zile kava za siti. Kwenye Noah nyingi za hapa mjini ukiinua kava unakuta kifungio cha mkanda kimezama chini ya siti, hakijaguswa tangu gari lishuke bandarini. Kitoe leo, kisafishe, kijaribu.

Swali: Tochi za polisi zinakaa wapi kati ya Himo na Korogwe? (Dereva, Majengo Moshi)

Jibu: Popote penye kibao cha 50, pale ambapo watoto wa wenzako wanavuka barabara. Swali hili silijibu tena.

Swali: Mtoto wangu wa mwaka na nusu ni msumbufu sana garini. Wenzangu wanasema nimpe Piriton au dawa ya kikohozi alale. Nimpe kijiko kimoja au viwili? (Mama Junior, Pasua)

Jibu: Usimpe hata tone. Hakuna kipimo cha kumlaza mtoto kwa ajili ya safari, kwa sababu dawa hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Promethazine, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maji za mafua na kikohozi, haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili kabisa, maana inaweza kupunguza pumzi yake mpaka ikasimama. Na fikiria ingetokea wapi: yuko siti ya nyuma, kichwa kimeinama, redio inaimba, kila mtu anafurahi kwamba leo katulia. Nani anayetazama kifua chake kama kinapanda na kushuka?

Nimechoka kusikia ushauri huu ukipitishwa kwenye vikoba na magrupu ya WhatsApp kana kwamba ni kuazimana chumvi. Wauza duka la dawa wanaoitoa bila kuuliza umri wa mtoto nao wanajua wanachofanya. Mwanao ni msumbufu kwa sababu ana mwaka na nusu na mmemfunga sehemu moja. Simameni. Mshusheni akimbie dakika ishirini kwenye uwanja wa hoteli, siyo ukingoni mwa lami. Akirudi atalala mwenyewe.

Swali: Binti yangu wa miaka saba anatapika kila safari, hata Arusha hadi Moshi. Nifanyeje? (Mama, Usa River)

Jibu: Umri wake ndio wenyewe, watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaosumbuliwa zaidi. Mkalishe mahali anapoweza kuona barabara mbele, akiwa amefungwa mkanda. Asiangalie simu wala kitabu, kwa sababu macho yakisema tumetulia na masikio yakisema tunatembea, tumbo ndilo linaloumia. Asubuhi ale kidogo: mkate mkavu, ndizi mbivu, uji mwepesi. Chipsi mayai na soda muache, na lile chupa la manukato linaloning'inia kwenye kioo litoe. Dirisha liwe wazi kidogo. Weka mifuko ya plastiki na kitambaa chenye maji karibu, na usimgombeze akitapika. Dawa ya safari ipo kwa umri wake, lakini aandikiwe na daktari kwa uzito wake. Mkipanga kupita Lushoto, ile barabara ya Mombo hadi Soni ni kona juu ya kona, ipandeni mchana, taratibu.

Swali: Katuni kwenye tableti zinatosha kumtuliza mtoto njia nzima?

Jibu: Saa moja, ndiyo. Njia nzima, hapana.

Swali: Mwanangu, mimi ni bibi. Nawapeleka wajukuu wawili Mwanza kwa basi, wa miaka mitatu na mitano. Wakala anasema mdogo nimpakate, nisipoteze pesa. (Bibi, Ngaramtoni)

Jibu: Shikamoo bibi. Mkatie siti yake. Wakala anakuonea huruma mfukoni, lakini ni safari ya kutwa nzima kupitia Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, na kilo kumi na tano juu ya mapaja yako kwa muda huo zitakuvimbisha miguu, na basi likifunga breki hutaweza kumshika. Omba siti za katikati, upande wa kushoto, mbali na mlango. Mkanda ukikosekana au ukiwa umekatika, sema kabla basi halijaondoka stendi, na sema kwa sauti abiria wengine wasikie. Ukiona dereva anakimbia, usiogope kuonekana mkorofi. Mwambie konda, na asiposikia, mwambie trafiki kwenye kizuizi. Bibi akisema, watu husikiliza. Mama wa hao watoto naye angesafiri nawe ingekuwa vyema zaidi. Wajukuu wawili wa umri huo ni mzigo kwa mtu mmoja, nasema kwa heshima.

Swali: Tunakwenda Musoma. Tukipita Ngorongoro na Serengeti tunakata njia, si ndiyo? Gari ni IST. (Kijana, Kijenge)

Jibu: Kwenye ramani ndiyo. Lami inaishia lango la Lodoare, pale pa kuingilia Ngorongoro. Baada ya hapo ni vumbi na mawimbi ya barabara, na IST yenu ikiwa imejaa watu wanne na mizigo itagusa chini. Kuna viingilio vya hifadhi mbili, vya watu na vya gari, na milango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Mkichelewa mnalala mlipo. Zungukeni Babati na Singida. Mkitaka watoto waone wanyama, tengeni siku yake na gari lake. Walio chini ya miaka mitano huingia bure hifadhi za taifa.

Mkipita hiyo njia ya Babati, vukeni Kwakuchinja kukiwa na mwanga. Pundamilia na nyumbu wanavuka hapo kati ya Tarangire na Manyara, na usiku hawaonekani. Na mvua ikiwa kubwa, kumbukeni maporomoko ya tope ya Katesh, Desemba 3, 2023. Maji yakipita juu ya barabara msivuke. Sentimita thelathini zinatosha kuinua gari dogo.

Swali: Fundi amesema tairi zangu bado zina kashata, niende tu. Ni kweli? (Baba, Soweto Moshi)

Jibu: Kashata, yale meno ya juu ya tairi, ni nusu ya habari. Piga magoti ubavuni mwa tairi, tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo umekauka ndani hata kama juu unapendeza, na tairi nyingi za mtumba mnazouziwa ndiyo ziko hivyo. Pinda ubavu kwa kidole gumba uone nyufa. Joto la Hedaru na Mkomazi, mzigo wa likizo, keria juu, upepo pungufu: hapo ndipo zinapopasuka. Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi na Coaster ziligongana zikawaka moto, wakafa watu zaidi ya 35, na tairi lilitajwa kuwa chanzo. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, fuata karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, na usisahau spea.

Swali: Tukisimama kuchimba dawa porini, watoto washuke wapi?

Jibu: Kushoto, mbali na lami, mmoja mmoja, wameshikwa mkono. Mlango wa kulia uwe na loki ya watoto muda wote. Na msimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa hata dakika kumi mnapokwenda kununua machungwa. Kwenye jua la tambarare, joto la ndani hupanda haraka kuliko mnavyodhani.

Swali: Tulirudi kutoka Tanga wiki iliyopita, mtoto ana homa. Mama mkwe anasema ni uchovu wa safari. (Mama, Moshi)

Jibu: Mpeleke akapimwe malaria leo hii, usisubiri kesho. Arusha na Kilimanjaro ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, kwa hiyo watoto wetu hawana kinga, na wakiumwa huzidiwa upesi. Dalili huanza kati ya siku saba na wiki mbili baada ya kuumwa na mbu, mara nyingine baadaye zaidi, ndiyo maana homa inawakuta mkiwa mmesharudi nyumbani na mmesahau. Mwambie mhudumu wa zahanati kwamba mmetoka Tanga, kabla hajakuuliza. Asipotaja kipimo, kiombe wewe. Mama mkwe mheshimu, msalimie, kisha chukua bodaboda.