Mawimbi huenea au huenezwa? Maneno ya redio ya nguvu ndogo

SWALI: Ninaandika mwongozo kwa wanafunzi wanaotaka kuendesha kituo cha redio ya ridhaa nyumbani: transmita ya miliwati 200, antena ya waya, na kompyuta ya kutazama ishara zimefika wapi. Nimekwama kwenye maneno. Niliandika "usambazaji wa mawimbi". Mwenzangu mmoja akafuta na kuandika "uenezi", mwingine akarudisha "usambazaji". Halafu kuna sentensi inayowachekesha wote: "Masafa mafupi hufika masafa marefu." Niandikeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lile linalowagombanisha. Kiswahili kina jozi mbili za vitenzi zinazochanganywa kila siku: enea na eneza, sambaa na sambaza. Katika enea na sambaa kitu kinajiendea chenyewe: maji yaliyomwagika husambaa sakafuni, upele huenea mwilini. Katika eneza na sambaza yupo mtendaji anayekipeleka. Nomino hurithi tofauti hiyo. Upande mmoja tunapata ueneaji na usambaaji. Upande wa pili uenezi, uenezaji na usambazaji. Ndiyo maana chama cha siasa kina katibu wa uenezi, na umeme una usambazaji: pana mtu kazini. Ukitaka kupima, uliza "na nani?" baada ya nomino. "Usambazaji wa umeme na nani?" lina jibu. "Ueneaji wa moto na nani?" halina, na halipaswi kuwa nalo.

Sasa yatazame mawimbi yenyewe. Yakishaachana na waya, hakuna anayeyaongoza. Yanapanda hadi tabaka la ioni, yaani hewa ya juu yenye chembe za umeme, ambalo sehemu yake ya juu iko kati ya kilomita 200 na 400 hivi kutoka ardhini. Huko yanapinda na kurudi chini mbali sana, au yanapenya na kupotelea angani. Linaloamua ni jua, saa, msimu na masafa uliyochagua. Kwa hiyo rafiki zako wote wawili wamekosea kwa namna ileile: andika "ueneaji wa mawimbi".

Kwa nini si "usambaaji", ambalo nalo halina mtendaji? Kisarufi linafaa kabisa, ila picha yake hainiridhishi. Kitu kinachosambaa huanzia mahali kikajaa kila upande, kama mafuta kwenye karatasi. Mawimbi mafupi huacha pengo. Rusha kwa megahezi 14 kutoka Dar es Salaam mchana. Mombasa, kilomita 310 hivi kwa mstari ulionyooka, huenda wasisikie kitu, huku Ulaya wakikunasa. Mawimbi yamepita juu ya Mombasa. Habari nazo huenea hivyohivyo: jirani hajui, mtaa wa tatu wanajua. Pengo lenyewe liite "eneo la ukimya", na safari moja ya kupanda na kushuka iite "mruko". Mwanafunzi akiyapata maneno hayo mawili hatafungua transmita akidhani imekufa kwa sababu tu rafiki wa mkoa wa jirani hajamsikia.

Uenezi nao una kazi yake. Ukienda shuleni kuwahamasisha vijana, huo ni uenezi wa redio ya ridhaa. Na hilo neno "ridhaa" ulilolitumia lishike. Wapenda michezo wamelizoea katika "ngumi za ridhaa", na linabeba sharti lenyewe la shughuli hii: unaifanya kwa hiari, bila malipo.

Tuje kwenye masafa. Neno lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali. Mkimbiaji wa masafa marefu analitumia katika maana hiyo. Kwenye "masafa mafupi" ya redio, kilicho kifupi ni umbali kutoka kilele cha wimbi moja hadi kilele cha linalofuata, wala si umbali wa kusikika. Gawa 300 kwa megahezi utapata urefu wa wimbi kwa mita: kwa megahezi 14.0971 ni mita 21.3, kwa megahezi 1 ni mita 300. Mpaka hapo neno lilikuwa sahihi. Tatizo lilikuja lilipoanza pia kutaja idadi ya mitetemo kwa sekunde, tunaposema "tunapatikana katika masafa ya 88.9". Hesabu hizo mbili huenda kinyume. Mitetemo ikiongezeka, wimbi hufupika, na mwandishi anajikuta akiandika kwamba masafa yakipanda huwa mafupi.

Ushauri wangu ni kugawa kazi na kutorudi nyuma. Masafa yawe ya mitetemo peke yake, na sifa zake ziwe "ya juu" na "ya chini". Urefu uachie wimbi: "mawimbi mafupi", "urefu wa wimbi". Mwendo kutoka kituo hadi kituo uwe "umbali". Sentensi yako inakuwa "Mawimbi mafupi hufika umbali mrefu", na hakuna wa kucheka. Kumbuka pia kwamba masafa hayana umoja. Ni "masafa haya", "masafa yangu yamehama". "Masafa hii" imezagaa, nayo ni kosa.

Kwa kutuma, kitenzi ni kurusha. Usiandike kutangaza. Anayetangaza anasema na umma, na hiyo ni leseni nyingine kabisa. Mwanafunzi atakayeandika "kituo cha utangazaji" kwenye ombi lake kwa mamlaka ya mawasiliano atakuwa ameomba asichokitaka. Upande wa kupokea, watu husema redio "inashika" au "inanasa". Kwa taarifa za ishara dhaifu napendelea kunasa, kwa kuwa hutupa "imenaswa" bila kulazimisha.

Kuhusu nguvu, nitapita haraka. Nishati ni nishati, kani ni ile inayosukuma au kuvuta, na wati hupimia nguvu. "Nguvu ndogo" inaeleweka. Kwa mazoea ya waendeshaji ni wati 5 kushuka chini. Mfumo unaoutumia, WSPR, wa kurusha ishara dhaifu zinazosomwa na kompyuta, alioutoa mwanafizikia Joe Taylor wa Marekani mwaka 2008, hutamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya kunong'ona, na hakuna ubaya kuuita "mfumo wa mnong'ono" baada ya kutaja herufi zake mara moja. Nguvu huandikwa humo kwa desibeli juu ya miliwati moja: miliwati 200 ni 23. Ukishuka 3 umebaki na nusu. Ukishuka 10 umebaki na moja ya kumi, kwa hiyo miliwati 20 ni 13. Onya waziwazi kwamba anayejaza 200 mahali pa 23 amekosea.

Sehemu ya rasimu yako iliyonitia wasiwasi zaidi ni "kichujio cha masafa ya chini". Kiswahili chetu cha jikoni kina chujio la chai, na chai ndiyo inayopita. Lakini ukisikia "kichujio cha vumbi", vumbi ndilo linalozuiwa. Kiunganishi "cha" hakisemi kipi kinapita na kipi kinabaki, na mwanafunzi akielewa kinyume atanunua kifaa kinachozuia ishara yake mwenyewe na kuachilia uchafu. Hapa kitenzi kitokeze: "kichujio kinachopitisha masafa ya chini". Eleza na sababu. Chipu ya Si5351 iliyo kwenye transmita nyingi za kujiundia hutoa wimbi la mraba, na wimbi la mraba hubeba vigawe witiri vya masafa yake: mara tatu, mara tano na kuendelea. Vigawe ni vilevile vya darasani, vya Kigawe Kidogo cha Shirika. Kwa megahezi 14.0971 cha tatu ni 42.29, na nguvu yake ni moja ya tisa ya ishara yenyewe; cha tano ni 70.49. Bila kichujio vyote hivyo vinaingia kwenye waya na kuwasumbua wengine.

Witiri imetufikisha kwenye neno ninalokuomba ulirudishe. Umeandika kwamba ishara huanza "kwenye dakika zinazogawanyika kwa mbili". Tunalo neno moja: shufwa. Waliosoma hesabu za shule ya msingi wanalijua pamoja na mwenzake witiri, na Waislamu wanaijua witiri kwa sala yenye idadi isiyo shufwa ya rakaa. Andika: "Ishara huanza sekunde moja baada ya dakika shufwa, na hudumu sekunde 110.6." Hapo ongeza onyo la saa ya kompyuta. Ikitangulia au ikichelewa zaidi ya sekunde mbili hivi, ishara itaonekana kwenye skrini lakini haitasomeka. "Saa mbovu" haitoshi. Kwa kuwa tatizo ni wakati wenyewe, sema saa "iko mbele" au "iko nyuma".

Saa zenyewe zina mtego mwingine. Taarifa hutolewa kwa UTC, Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, na sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Ukiziunganisha hesabu hizo mbili, kinachobaki ni kutoa tatu: 06:00 ya UTC ni saa tatu asubuhi, 15:00 ni saa kumi na mbili jioni. Ikibaki zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. 18:00 inabaki saa tatu usiku.

Neno la masafa yasiyotulia ni "kuhama". Fuwele inayoshikilia masafa hubadilika kwa joto, na feni ikiipiga wakati wa kurusha inatosha kuyahamisha. Mfumo huvumilia kuhama kwa hezi 4 hivi ndani ya ishara moja. Mwambie mwanafunzi aifunike transmita isipigwe na upepo, na aiwashe nusu saa kabla.

Aya yako ya antena ina majina mengi na vipimo vichache. Ningeiandika hivi: "Kata waya wa mita 10.1, uugawe katikati, kila upande mita 5.05. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi, ikipunguzwa kama asilimia 5. Ni afadhali uanze na waya uliozidi kidogo. Kipimo kikionyesha kwamba waya unaafikiana na masafa ya chini kuliko unayotaka, punguza sentimita 5 kila upande. Masafa yatapanda kama kilohezi 140." Neno "unaafikiana" linabeba mzigo mzima, na msomaji halihitaji kamusi.

Mwisho, mstari wa taarifa uliouweka bila maelezo. Usomwe kwa sauti, neno kwa neno. Tuchukue mfano wa kituo cha Dar es Salaam kilichonaswa London, nikiacha majina ya vituo:

1504 -24 0.3 14.097063 0 KI93 23

Saa kumi na mbili na dakika nne jioni, dakika shufwa. Hasi ishirini na nne, wala si "toa": hakuna kinachotolewa, ni namba iliyo chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba kelele zina nguvu mara 250 hivi kuliko ishara. Lakini kelele hupimwa katika upana wa hezi 2,500, na ishara yenyewe ina hezi 6 tu, ndiyo maana kompyuta inaichambua. Sufuri nukta tatu ni tofauti ya saa kwa sekunde. Masafa yamo ndani ya dirisha la mfumo huu, megahezi 14.0970 hadi 14.0972, na sifuri inayofuata inasema hayakuhama. KI93 ni mraba wa ramani unaobeba Dar es Salaam na Unguja. Wa Mombasa ni KI95, wa Nairobi KI88. Nguvu ni 23. Umbali ni takriban kilomita 7,500, kwa miliwati 200.