Shangazi, nina miaka 23 na upara umeanza: nipandikize nywele?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23, nipo Uyole, nafanya biashara ya viazi. Tangu nikiwa na miaka 20 nywele za mbele zinarudi nyuma pande zote mbili, na sasa hata utosini ngozi inaonekana. Kofia siivui isipokuwa kanisani, na huko nakaa benchi la mwisho. Mwezi wa 12 nafunga ndoa. Kuna dalali wa kliniki ya Istanbul ananiambia kwa milioni 7 nilizoweka akiba nitapandikizwa grafti 4,000, na anataka arubuni ya laki 5 kabla ya Ijumaa. Kisogoni nina vipele vigumu vya kunyoa, anasema si tatizo. Nifanye? – Kijana wa Uyole*

Marahaba mwanangu. Upara wa miaka 20 unauma, sitakwambia ni jambo dogo. Lakini usipandikize sasa, na hivyo vipele ulivyovitaja mwishoni ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko vyote.

Nywele za kupandikiza zinatoka kisogoni kwako mwenyewe. Mashina ya kule hayadhuriwi na DHT, homoni ya kiume ambayo kwa aliyerithi upara hudhoofisha mashina ya mbele na ya utosini. Daktari Norman Orentreich wa New York alieleza mwaka 1959 kwamba shina likihamishwa hubaki na tabia ya kule lilikotoka, ndiyo maana upasuaji huu unafanya kazi. Ila shina likishang'olewa kisogoni, pale halioti jingine. Grafti moja ni shina lenye nywele 1 hadi 4, na kichwa cha mtu mzima kwa kawaida hutoa kama 4,000 hadi 6,000 kwa maisha yote. Wenye nywele za kipilipili mara nyingi tuna pungufu ya hapo, kwa kuwa mashina yetu yamekaa mbalimbali. Huyo dalali anataka kutumia karibu akiba yako yote ya kichwa kwa siku moja, ukiwa na miaka 23.

Na upara wako bado unatembea. Ukijaza mbele leo, nywele zako za asili zilizo nyuma ya hapo zitaendelea kupungua, na ukifika miaka 35 unaweza kubaki na kisiwa cha nywele kwenye paji, nyuma yake peupe, kisogoni hakuna cha kuchukua tena. Kwa hiyo madaktari makini humwambia kijana wa umri wako asubiri mpaka ieleweke upara unaelekea wapi. Watazame baba yako, baba zako wadogo na wajomba zako, maana upara hurithiwa pande zote mbili.

Sasa vipele. Vipele vigumu kisogoni huchochewa na kunyoa chini kabisa na kusuguliwa na kola au ukingo wa kofia. Mashina yanavimba, baadaye yanaacha makovu. Yaani ugonjwa umekaa kwenye shamba lenyewe la kuchukulia mbegu. Kutoboa hapo matundu elfu kadhaa kunaweza kuuchochea zaidi. Usivikamue. Mwambie kinyozi asitumie wembe wala asishushe mashine mpaka sifuri, aache nywele kidogo. Tazama pia kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani: likiwa limevimba na kutanuka kupita kidonda chenyewe, ngozi yako ni ya keloidi, na upasuaji wowote wa kujipendezesha ufikirie mara mbili.

Kuna jambo ambalo dalali hakulitaja. Shina la nywele yetu limejikunja chini ya ngozi, wakati kifaa cha kutobolea ni bomba dogo lililonyooka, kipenyo chake karibu milimita 1. Asiyezoea nywele za Kiafrika hulikata shina katikati na grafti inakufa. Uzuri wake ni kwamba nywele iliyojikunja hufunika ngozi vizuri, hivyo fundi mzuri hahitaji nyingi. Daktari anayejua kazi anaweza kuanza na sehemu ndogo ya majaribio, kisha akasubiri miezi kadhaa aone kama keloidi inaota.

Na kwa harusi, tarehe zinakukataa. Paji na macho huvimba siku za kwanza, magamba hukaa wiki moja na zaidi, halafu kati ya wiki ya 2 na ya 6 nywele nyingi zilizopandwa hudondoka. Hiyo ni kawaida, shina linabaki ndani. Huanza kuota mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka. Desemba ungekuwa bado katikati ya safari.

Cha kufanya sasa ni kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kuulizia daktari wa ngozi. Ikibidi ataweza kukuelekeza hospitali ya KCMC Moshi, ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Athibitishe kwanza kuwa ni upara wa kurithi, kwa sababu mabaka ya mviringo, fangasi au makovu yana tiba nyingine. Atibu na kisogo. Kisha muulize kuhusu minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na jioni kwenye ngozi kavu. Wiki za kwanza nywele huweza kudondoka zaidi, na wengi hukata tamaa hapo. Ipe miezi 6. Ukiiacha, ulichopata kinapotea ndani ya miezi michache. Vidonge vya finasteridi miligramu 1 huzuia DHT, lakini kwa wanaume wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa na vinaweza kuleta huzuni nzito. Wewe unayeoa, yaseme hayo wazi mbele ya daktari, na mke akishika mimba asiguse kidonge kilichovunjika.

Ukitulia kwa dawa mwaka mzima au zaidi, kisogo kikapona, na ukibaki unautaka upasuaji, hapo tutaongea vizuri. Utamuuliza mpasuaji nani anayetoboa, yeye au wasaidizi. Utaomba picha za wenye nywele kama zako baada ya miezi 12. Utaulizia vipimo vya damu, ikiwemo homa ya ini na VVU. Na utajua nani atakutazama kidonda kikiharibika ukiwa umesharudi Uyole. Kama ni daktari wa hapa nchini, ulizia usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika.

Mchumba wako mwambie kabla ya harusi, amekuona bila kofia au la. Na hiyo laki 5 usiitume Ijumaa wala Ijumaa nyingine. Anayesema vipele vya kisogoni si tatizo bila kuviona hajafikiria kichwa chako hata kidogo.