Re: Daktari wa Isanga ni wa mgonjwa au wa mahakama?

Pole sana dada. Umeuliza kama daktari atakayempima kaka yako aliyeshtakiwa, kule Isanga, taasisi ya Dodoma inayopima akili za washtakiwa, atamtibu au atafanya kazi ya mahakama. Anabeba yote mawili, na hapo ndipo penye ugumu. Mahakama inataka ripoti ndani ya siku 42: je, alipotenda lile tendo analoshtakiwa nalo alielewa anachofanya? Mgonjwa naye anahitaji dawa leo. Tena akishatulia kwa dawa watu husema "mbona mzima huyu", wakati kinachoulizwa ni hali yake siku ile.

Daktari mwadilifu humwambia mapema kwamba anayoyasema yanaweza kufika mahakamani. Usiri wa kliniki ya kawaida pale haupo wote.

Nyinyi mlioko Dar msikae tu. Nikiwa kliniki ya akili hapa mjini, mama mmoja wa Mbagala alileta mfuko wa rambo umejaa kadi za kliniki za mwanawe za miaka sita, nyingine zimelowa hadi wino umesambaa. Tarehe zile ndizo zilizoonyesha kwamba ugonjwa ulitangulia kesi. Zitafuteni za kaka, mpeni wakili nakala, nyingine zifike Dodoma kabla ripoti haijaandikwa.