Kuchagua hema la kupigia kambi: kagua mishono na fito kabla ya kushangaa ukubwa

Mkuu, umeuliza uchukue lipi kati ya hema la watu 6 la bei poa na la watu 3 ambalo bei yake ni karibu mara mbili. Mtakaolala ni wewe, mkeo na mtoto mdogo, na mvua mnaitarajia. Nimelala kwenye mahema miaka mingi, ya kwangu na ya kuazima, na ningechukua hilo dogo. Lakini lipite kwanza ukaguzi huu. Lisipopita, bei yake isikubabaishe.

Hiyo idadi ya watu huhesabiwa kwa magodoro yaliyopangwa yakigusana, kila moja upana wa sentimita 50 hadi 60, bila begi hata moja. Kwa hiyo la watu 3 litawatosha nyinyi ikiwa lina kibaraza cha kuwekea mizigo na viatu. Hema kubwa lililoinuka sana hushika upepo, na la bei rahisi mara nyingi halina fito za kuuhimili. (Hapo kibarazani msije mkawasha jiko la mkaa au la gesi kwa sababu ya mvua. Kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu usingizini.)

Sasa maji, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwenye maelezo ya hema utaona namba ya milimita. Hicho ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinastahimili kabla hayajaanza kupenya. Kwa turubai la juu mimi sikubali chini ya 1500. Sakafu iwe 3000 au zaidi, kwa kuwa goti na kiwiko vinaikandamiza kwenye ardhi yenye maji. Tena kitambaa cha sakafu kipande ukutani angalau kiganja kimoja kabla ya mshono wa kwanza, ili maji yanayotiririka chini yasiukute.

Ila namba hiyo ni ya kitambaa tu, haisemi lolote kuhusu mishono. Nimewahi kulala kwenye hema ambalo turubai lake halikuwa na tatizo, lakini pembeni, pale mikunjo ya kitambaa inapokutana na mkanda wa fito, fundi aliacha mshono wazi. Maji yalifuata uzi, yakajikusanya kwenye fundo, yakadondoka tone moja moja usiku kucha hadi upande wa miguu wa mfuko wa kulalia ukalowa. Kwa hiyo geuza turubai ndani nje hapohapo dukani. Kila mshono uwe umefunikwa na utepe mwembamba uliogandishwa kwa joto. Pitisha ukucha ukingoni mwa utepe: ukiinuka, usilichukue. Kisha inua mshono kwenye mwanga. Ukiona vitundu vya sindano vinang'aa mahali ambapo utepe haujafika, na maji yatapita humohumo.

Kuna unyevu mwingine ambao watu huudhania kuwa ni kuvuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe. Mvuke ukigusa turubai lililopoa hugeuka matone. Hema la tabaka moja litawalowesha hata mvua isiponyesha. Chukua la tabaka mbili, la ndani likiwa la kitambaa kinachopitisha hewa au wavu, na turubai la juu lisigusane nalo hata likivutwa na upepo. Liwe na matundu ya hewa karibu na kilele, na usiyazibe usiku kwa kuogopa baridi. Hapo ndipo matone huongezeka.

Fito za faibaglasi hupasuka kwa urefu na kuacha vijiti vinavyochoma vidole. Za alumini hupinda kwanza, na zilizopinda unaweza kuzivika kipande cha bomba ukamaliza safari yako. Ukikuta zimeandikwa 7001 au 7075, hizo ni aloi (mchanganyiko wa metali) nzuri. Kwangu mimi fito peke yake zinatosha kuhalalisha hiyo tofauti ya bei.

Kitambaa: nailoni ni nyepesi na imara, lakini ikilowa hulegea, itabidi ukaze kamba kabla ya kulala. Poliesta hailegei hivyo na huvumilia jua zaidi. Kama hamtembei na hema mgongoni, poliesta. Zipu izungushe kwenye kona kwa mkono mmoja, isikwame. Vigingi visikusumbue, vibaya hubadilishwa kwa pesa kidogo.

Ukiamua kununua lililotumika, linuse kwanza. Hema lililokunjwa likiwa bichi, utando wa kuzuia maji uliopakwa kwenye kitambaa chake huoza, unanata vidoleni na kutoa harufu kali ya uchachu, kisha unabanduka magamba. Halina tiba, liache.

Na lolote utakalochukua, lisimamishe nyumbani kabla ya safari. Kaza kamba zote, limwagie maji kwa mpira kama dakika 20, kisha ingia ndani na tochi upapase kila kona na kila mshono wa sakafu. Risiti uwe nayo, ukikuta tone unalirudisha mapema.