Yanafaa, ila muulizeni mtu kwanza anaogopa nini

Wiki hii mmeuliza kama mazoezi ya kutuliza mwili wanayofundisha washauri nasaha, yale ya pumzi na kukaza misuli, yanatufaa Watanzania au ni mambo ya Wazungu. Mimi niko Kigoma na nasema hayatufai. Uzungu wala haunisumbui, shida ni wanavyotufundisha.

Shangazi yangu alikuwa anapeleka vitenge Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa boti za Kibirizi, bandari ndogo ya hapa Kigoma, mnazijua zile, watu na magunia na mbuzi humohumo. Siku moja upepo ukawakuta katikati, injini ikazima, maji yakaingia mpaka magotini, wavuvi ndo wakawaokoa. Hakufa mtu, basi kila anayekuja kumpa pole anamwambia shukuru Mungu yaishe. Hayakuisha. Akisikia mlio wa injini tu moyo unamwenda mbio, mikono inakufa ganzi, anasema nakufa jamani. Tukampima, moyo mzima, presha nzuri, tukaelekezwa kwa mshauri. Yule mshauri hata hakumuuliza kilichomtokea, akamwambia lala chali mama, fumba macho, vuta pumzi ndefu, waza uko ufukweni mawimbi yanakuja taratibu. Mawimbi! Kwa mtu aliyenusurika ziwani! Shangazi aliinuka analia akatoka peku, viatu nikambebea mimi, na hasira ile mpaka leo ninayo.

Baadaye tukampata nesi mmoja aliyesomea afya ya akili. Huyu alimkalisha kwenye kiti, macho wazi, mlango anauona. Wakaanza na ngumi, kaza sekunde chache, achia, sikilizia tofauti, halafu mabega, taya, miguu. Kwenye pumzi hakumwambia avute sana, maana mwenye hofu tayari anahema kupita kiasi na ukimwongezea ndo kizunguzungu na ganzi vinazidi, alimwambia atoe polepole, kutoa kuzidi kuvuta. Na asisubiri hofu ije, afanye kila siku akiwa mzima, hata akianika dagaa. Walivyoendelea wakawa wanafupisha, mpaka akijiambia tu "legea" mabega yanashuka yenyewe.

Hii ya kukaza na kulegeza ni ya daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, tangu miaka ya 1920, na yeye alikuwa anafundisha polepole, kikundi kimoja cha misuli baada ya kingine, vikao na vikao. Sisi tunapewa dakika kumi na karatasi ya kwenda nayo nyumbani.

Kwa hiyo kama lazima niseme ndiyo au hapana, basi ndiyo, yanafaa, japo nilianza kwa kukataa. Ila kifua kikiuma mtu apimwe kwanza, na aliyepatwa na janga mazoezi peke yake hayamtoshi, anahitaji pia wa kuongea naye. Shangazi ameshafika tena Kagunga, asubuhi ziwa likiwa shwari. Upepo ukianza hapandi boti, na hilo siliiti ugonjwa.